Waliomrudisha Mjomba kwa Wembamba

Nisikilize kidogo, wewe unayesoma, na kama una sufuria jikoni ipunguzie moto kwanza. Nataka kukueleza jinsi mjomba wangu alivyorudishwa kutoka kwenye foleni ya kupima mafuta ya damu kwa kosa moja tu, kuwa mwembamba. Nimejaribu mara nyingi kuisimulia habari hii nikiwa nimetulia, na kila nikifika kwenye ile futi ya fundi cherehani sauti yangu inapanda. Leo nitaiacha ipande. Lakini nitakwenda hatua kwa hatua, maana sitaki ubaki na hasira yangu bila kuijua sababu yake.

Mjomba ni kaka wa marehemu mama. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye neno la mwisho katika posa, mashamba na mazishi. Maisha yake yote aliishi mlimani, juu ya Mkuyuni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabarani. Siku ya gulio alishuka na mikungu ya ndizi begani, akapanda na chumvi na sabuni. Alikula magimbi, ndizi za kuchemsha, mhogo, maharage na mboga za majani. Minazi ilikuwepo, lakini nazi zilikwenda sokoni kuuzwa. Mafuta ya kupikia yalikaa katika kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya kikohozi, na kichupa hicho kilifunguliwa akija mgeni. Kikumbuke hicho kichupa, kwa sababu ndicho kilichotuponza.

Mkewe alipofariki, mimi na wadogo zangu wawili tulioolewa hapa mjini Morogoro tuliona si vizuri abaki peke yake kule juu. Tulimbembeleza msimu mzima. Mwishowe akakubali kwa shingo upande, akashuka na begi moja na jembe lake, akahamia kwenye chumba changu cha uani, Mwembesongo. Jembe akaliegemeza nyuma ya mlango na halikutoka tena hapo. Mtu ambaye kila siku alikuwa akipanda na kushuka mlima, sasa safari yake ndefu ilikuwa ya kutoka chumbani hadi kwenye kibaraza.

Kumpokea mzee wa ukoo hakuishi siku moja. Tulipangiana zamu, kila nyumba na siku zake, na kila zamu ilikuja na hotpoti. Hapo ndipo kichupa kile kilipoingia. Kwa watu waliokulia kwenye mafuta ya kijiko kimoja, heshima ya mgeni huonekana juu ya mchuzi. Mafuta yakielea, mgeni anajua amepokewa. Yasipoelea, hasemi kitu, lakini anaondoka na neno moyoni. Sisi tulikuwa tukimpokea mgeni huyuhuyu kila siku, asubuhi, mchana na jioni, kwa miaka miwili. Asubuhi supu ya ng'ombe na chapati mbili. Mchana wali wa nazi na nyama. Jioni mdogo wangu wa mwisho, ambaye ana banda la chipsi karibu na nyumbani, alimletea sahani ya chipsi mayai iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na kidali cha kuku juu yake.

Nami niliyajua madhara ya mafuta hayo. Mwezi wa tatu tangu ashuke nilimchemshia magimbi, nikamwekea na mchicha wa karanga. Alinawa, akatazama sahani, kisha akairudisha mikono yake magotini.

“Mpwa wangu,” akasema taratibu, “nimekukosea nini? Umenishusha huku chini ili unilishe ya kule juu?”

Nilijifunga khanga, nikaenda bandani kwa mdogo wangu kununua nusu kuku. Aliniuliza kulikoni, nikamweleza, akacheka mpaka akaegemea nguzo ya banda. Akaniambia kuwa tatizo langu ni zile chupa zangu za damu, kwamba mimi nikimwona mtu simwoni mtu, namwona mrija.

Alikuwa amesema kweli kwa namna yake. Kazi yangu ni ya maabara, katika kituo kimoja cha afya hapa mjini, na nimeifanya zaidi ya miaka ishirini. Ngoja nikueleze ninachokiona huko, maana wengi hutolewa damu wasijue inakwenda wapi. Damu yako nikiiweka kwenye mrija na kuuzungusha kwa kasi katika mashine, inajitenga. Nyekundu inashuka chini, na juu yanabaki maji ya rangi ya majani makavu, maangavu, unaweza kusoma gazeti upande wa pili. Hayo ndiyo tunayoyapima. Lakini mafuta ya aina moja yakizidi sana, maji yale yanakuwa meupe, mazito, kama tui. Kuna mafuta mengine mabaya, yaani ile kolesteroli watu wanayoitaja, ambayo hayaonekani kwa jicho hata yakizidi. Hayo ni mashine tu inayoyasema. Ndiyo maana hata mimi mwenye uzoefu wote huu siwezi kumtazama mtu usoni, wala tumboni, nikakuambia hali yake.

Mji wetu ni wa watu waliotoka kwingine. Wanakuja kutoka mikoa mingi kufanya kazi viwandani na kwenye mashamba ya miwa, wanashuka kutoka milimani, wengine wanavuka bahari kuja kusaidia maduka ya ndugu zao. Nimewapima wakiwa wageni, damu zao zimetulia kama maji ya kijito asubuhi. Nimewapima tena baada ya miaka michache, wakiwa na kazi ya kukaa, na chakula cha kununua, na furaha ya kuwa wamefika, na nimeona damu imebadilika. Si wote, lakini wengi kiasi cha kunifanya nisiwe na amani. Na wengi wao hawajanenepa. Miguu bado ni ya mlimani, mashavu yameingia ndani, suruali bado inafungwa kwa mkanda. Mwili wa nje unachelewa kutoa habari. Wa wengine hautoi kabisa.

Sasa nifike kwenye futi.

Mwaka jana kituo chetu kilitangaza siku mbili za kupima bure mafuta ya damu. Katika kikao cha maandalizi ikaonekana dawa za kupimia hazitatosha umati. Mtu mmoja akapendekeza wapimwe kiuno mlangoni kwa futi, na wenye kiuno kidogo warudishwe nyumbani, kwa sababu, alisema, wembamba hawana tatizo hilo. Wengine wakaitikia. Mfawidhi wetu, yaani mkuu wa kituo, akaandika. Mimi nilikuwa pale na soda mkononi. Nilijua kuwa si kweli. Nilikuwa nayo mirija ya miaka ishirini ya kuthibitisha. Nikanyamaza, kwa sababu jua lilikuwa kali, kikao kilikuwa kirefu, na nilitaka kiishe. Nikikuambia nina hasira, ujue naanza na mimi mwenyewe.

Mjomba nilimwandaa vizuri. Hakula tangu jana yake jioni, kama inavyotakiwa kwa kipimo kile. Akavaa koti lake la sherehe na kofia, akapanga foleni saa moja asubuhi. Mimi nilikuwa ndani na mashine zangu. Alipofika mezani, binti mwenye futi alimsalimia shikamoo, akamzungushia futi juu ya koti, akacheka kwa upole kabisa.

“Babu, wewe huna mafuta hata ya kupaka miguuni. Nenda kanywe chai.”

Akampa karatasi yenye mhuri: hahitaji kipimo. Mjomba akazunguka nyuma ya jengo, akagonga dirisha la maabara, akanionyesha ile karatasi kwa nje ya kioo. Akasema amefukuzwa kwa kosa la kuwa na afya. Aliyasema hayo akiwa amevimba kichwa kwa furaha, na watu waliokuwa karibu wakacheka. Nami nilicheka. Nilikuwa na trei ya mirija mkononi, ningeweza kuiweka chini, nikamwita aingie, nikamtoa damu dakika ile ile. Nilicheka, nikamwambia awahi nyumbani akale.

Karatasi ile ilikaa kwenye mfuko wa shati lake kama kibali. Mdogo wangu akimtania kuwa mzee atamaliza kuku wa Morogoro nzima, aliitoa na kumsomea. Mimi nikijaribu kumpunguzia supu, aliitoa. Kwa nini abishane na mpwa wake wakati serikali ya wapimaji imeshatoa hukumu na kuigonga mhuri? Walimwambia mzee wa watu hana kitu ambacho hawakukitafuta. Wangemwambia tu dawa zimeisha, aje siku nyingine, angekuja. Badala yake wakamrudisha nyumbani na uhakika, na uhakika huo akaulia chipsi kwa miezi minne.

Aliyeniamsha ni mwenye duka ninakonunua unga, mzee wa Kihindi ambaye babu yake alifungua duka lile. Nilimsimulia habari ya mjomba na futi kama kichekesho. Alikuwa anapima unga. Akauacha kwenye mizani.

Akaniambia kuwa naye alikuwa na mpwa, mtoto wa dada yake, aliyekuja kutoka India kumsaidia dukani. Kijana mwembamba, hajawahi kuonja nyama maishani. Nyumba nzima ilimhurumia kwa ugeni wake, ikamfurahisha kwa vya samli, vya kukaanga na vitamu, kila siku. Dukani alikaa kwenye kiti kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hakuna aliyefikiria kumpima, kila mtu alisema kijana anatakiwa kuongezwa mwili. Siku moja akaanguka stoo na moyo ukasimama, hajafika hata miaka arobaini.

“Dada,” akaniambia, “tulimzika mwembamba. Nguo zake hazimwingii mtu yeyote kwangu. Unga utaukuta. Nenda kampime mjomba wako.”

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kuwa kesho yake, apende asipende, namtoa damu.

Kesho yake asubuhi, kabla sijamwambia asinywe kitu, alikuwa ameshajimiminia kikombe cha chai pale kibarazani. Kikashuka kutoka mkononi mwake. Hakukitupa wala hakikuteleza, vidole tu viliacha kukishika. Alikitazama kikibingirika. Alitaka kusema neno, mdomo ukavutika upande mmoja, maneno yakatoka kama ya mtu mwenye ndizi ya moto kinywani. Nikamshika. Haikupita muda mrefu mkono ukarudi, mdomo ukarudi, akaniambia niache makelele, mkono ulikuwa umekufa ganzi kwa sababu aliulalia.

Tafadhali hapa nisikilize kuliko mahali pengine popote. Kitu kama hicho kikimpata mtu wako na kikapita, usishukuru na kukaa. Ni kiharusi kilichopita njia, na kinaweza kurudi kukaa. Nilimwingiza kwenye bajaji na ile nguo yake iliyolowa chai, tukaenda hospitali moja kwa moja. Huko walimshughulikia vizuri, daktari akamlaza siku mbili, na akaagiza kipimo cha mafuta ya damu. Sampuli ikapimwa huko, na mrija mmoja nikaomba niuzungushe mwenyewe kazini.

Mashine iliposimama nilifungua kifuniko. Juu ya damu ya mjomba palikuwa na tui. Si tui la pili lile jepesi, ni lile la kwanza. Majibu ya mashine nayo yakaja, na kolesteroli mbaya ilikuwa imepita kiwango. Nilikaa kwenye stuli. Huyu ndiye waliyemwambia hana mafuta hata ya kupaka miguuni.

Alipotoka hospitali akataka kujua kilichompata. Nilianza kumweleza kuhusu ini, kwamba linatengeneza mafuta lenyewe na sisi tunaliongezea, na kuhusu mishipa. Akaninyamazisha kwa mkono. Kule mlimani aliwahi kuwa katika kamati ya maji ya mserereko, yale yanayoletwa kwa bomba kutoka chanzo cha juu bila mashine. Kazi yake ilikuwa kufuatilia bomba maji yanapopungua kijijini.

“Tope linaganda ndani,” akasema. “Kwa nje bomba ni lile lile. Halinenepi. Utalipita mara kumi, mpaka ulikate ndio uone.” Akaigusa ile karatasi mfukoni. “Sasa hao watu wako walipima bomba kwa nje.”

Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo, na nimehudhuria semina nyingi.

Tukaenda kwa mfawidhi, mimi, mjomba na mrija. Mjomba mwenyewe alitaka mrija uende. Mfawidhi ni kijana kwa mzee wangu, akasimama akamwamkia. Mjomba akaitikia marahaba, akakaa, akatoa ile karatasi yenye mhuri mfukoni, akaikunjua mezani. Mimi nikausimamisha mrija juu yake, ndani ya glasi.

Nilimwambia mfawidhi yote, na sikuyasema kwa sauti ya ofisini. Nilimwambia kuwa wanene tuliwapima sawa, wao pia wana hatari, ila futi yetu iliwafungia mlango watu tunaojua kabisa kuwa wamebadilisha maisha ghafla. Kwamba mji huu umejaa watu wa namna hiyo. Kwamba kuishiwa dawa za kupimia si aibu, lakini kumgongea mtu mhuri wa afya ambayo hukuipima ni uongo. Akajibu kuwa sheria ile tuliipitisha pamoja. Hapo akanipata. Nikamwambia ndiyo, na mimi nilikuwepo, na ndiyo maana nimekuja na mwenye damu yake, ili tusiipitishe pamoja tena.

Mfawidhi akauliza tunataka nini. Mjomba ndiye aliyejibu. Alisema watu watakaporudi mezani waulizwe wametoka wapi, wamefika lini, na wanakula nini sasa ambacho kwao walikuwa hawali. Alisema yeye angeulizwa hayo angeyajibu yote kwa furaha, maana hakuna jambo alilolipenda kulisimulia kama chakula chake cha mjini.

Mfawidhi aliyaandika. Katika upimaji uliofuata, futi ilibaki, lakini maswali hayo yaliongezwa, na ambao hawakufikiwa walipewa tarehe ya kurudi badala ya mhuri. Si yote niliyoyataka. Wapo wembamba walioondoka siku ile ya kwanza na karatasi kama ya mjomba, na majina yao hatukuyaandika. Hao sijui nitawapata wapi, na wananinyima usingizi.

Lakini kazi ngumu zaidi ilikuwa nyumbani. Vidonge daktari alitoa, na mjomba anavimeza. Hotpoti ndizo zilizobaki. Nisingeweza mimi kuzizuia. Ningeonekana mchoyo, na wadogo zangu wangesema namnyima mzee. Katika ukoo wetu heshima ya mjomba anaweza kuibadilisha mjomba mwenyewe tu. Basi Jumapili moja akatuita wapwa wote watatu kibarazani. Wadogo zangu walikuja na vyakula vyao, na cha yule wa chipsi kilinukia mpaka barabarani.

Mjomba aliwashukuru kila mmoja kwa zamu yake, taratibu, bila haraka. Kisha akasema, “Mmenipokea. Mimi nimeshafika, wanangu. Mkiendelea kunipokea mtanizika.”

Mdogo wangu wa mwisho akainamisha kichwa. Akauliza kwa sauti ndogo kama basi asilete kitu tena. Mjomba akasema alete, tena zamu ni ile ile, ila anayemheshimu amletee magimbi ya kuchemsha, na atakayekuja na mchuzi unaoelea mafuta atakuwa amemwambia kuwa bado ni mgeni. Mdogo wangu akamjibu kuwa magimbi ya sokoni ni bei kuliko viazi, na kwamba uzee umemfanya mjomba awe na gharama. Mzee akacheka, na mdomo wake, nilitazama, ulicheka pande zote mbili.

Alasiri ile alilitoa jembe nyuma ya mlango. Sasa kila asubuhi anatembea hadi kwenye kipande cha shamba la jirani karibu na mto, analima matembele, anarudi kwa miguu. Damu yake naizungusha mwenyewe kila daktari anapoagiza. Tui limekuwa jepesi, bado halijaisha.

Kama wewe au mtu wako mmehamia mjini miaka ya karibuni, hata kama suruali haijabadilika namba, fanya hivi: kula chakula cha jioni mapema, usile kitu mpaka asubuhi, maji tu, kisha nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe na useme, “Naomba kupimwa mafuta ya damu.” Wakikutazama kiuno, waambie umehamia lini na unakula nini siku hizi, na usiondoke kabla hujapimwa au hujapewa tarehe ya kurudi.